Makelele ya Gitaa la Yaya

Kwanza ilikuwa tak. Kidole gumba cha mguu kinakanyaga kibonye kilichong'olewa kwenye taa ya zamani ya mezani, tak, halafu kimya kidogo, halafu inakuja yenyewe: nyaaang, kavu, kali, kama ina mchanga ndani, na juu yake sauti nyingine nyembamba, kama mtoto anayelia chumba cha pili. Kabla hujaamua kama unaipenda au unaichukia, imeshakufa. Haikufifia taratibu kama sauti ya magitaa mengine. Ilikatika tu, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Juzi nilikuwa napita mtaa wa Katoyi, hapahapa Goma, na beseni langu la sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani, nikaisikia ile tak. Kijana mmoja kwenye kibanda cha kuchajia simu alikuwa anachomeka waya kwenye spika. Ni hilo tu. Lakini miguu yangu ilisimama yenyewe katikati ya barabara, na mwenye pikipiki nyuma yangu akapiga breki mpaka vumbi jeusi likatufunika wote wawili.

"Dada, uko unangoya avion hapo katikati?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, naingoja hiyo ndege, na akitaka nitamshikia kiti. Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki pembeni, nacheka peke yangu. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa kucheka. Lakini kuna mambo nikiyacheka yanageuka machungu mdomoni. Basi kaa nikusimulie hili.

Nyumba yetu ya mtaa wa Majengo ilikuwa ya mbao, kama za majirani wote, na ilikaa juu ya lava. Mlima ulitapika nikiwa bado mgongoni kwa mama. Moto ukapita mtaani kwetu, na ulipopoa watu wakarudi wakajenga palepale, juu. Mama akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, alipenda kupiga kisigino chini na kutuambia: humu ndani kuna sufuria zangu zote, na kabati, na picha za harusi. Tuliishi juu ya jiko letu wenyewe. Mawe yale hayakuwa na usawa, kwa hiyo sakafu ya mbao iliinuliwa juu ya vigingi, na chini yake kuku walilala. Ukitembea chumbani, vikombe vinaongea kabatini. Ukikohoa, ukuta unakujibu.

Papa, baba yetu, alikuwa amekwenda upande wa Masisi kununua ng'ombe, wakati wa uasi mmojawapo. Kwetu uasi ulikuwa na majina mengi, na mimi niliyachanganya. Hakurudi, na ng'ombe hawakuja. Alichotuachia ni gitaa jekundu la umeme, lililochubuka mgongoni kwa kusuguliwa na mshipi wake, na kijana wa kulipiga. Huyo ndiye yaya. Kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa. Huyu alikuwa kaka yangu, mrefu, mwenye ndevu chache ambazo kila asubuhi alizikagua kwenye kioo cha pikipiki kilichovunjika. Alipiga solo kwenye kwaya ya parokia. Mama alisema vidole vyake ni vya papa kabisa, halafu alikuwa anageuka haraka kutafuta kitu cha kufanya.

Miaka ile vijana walikuwa wanapotea. Wengine walichukuliwa njiani, wengine walikwenda wenyewe, kwa kuwa mtu alikuja na simu nzuri na maneno mazuri. Rafiki mkubwa wa yaya alikuwa ameondoka hivyo. Kutoka porini alikuwa anatuma ujumbe: njoo, huku tunakula nyama. Mama alijua. Kwa hiyo majirani walipolalamika juu ya gitaa, aliwajibu maneno ambayo hadi leo nayasikia na sauti yake:

"Mumuache apige. Nikisikia ile makelele, najua mutoto wangu iko ku nyumba."

Na kweli aliishi kwa kusikiliza. Akiwa uani anapepeta maharagi, mikono iko kwenye ungo, sikio liko ndani. Gitaa likinyamaza, ungo unasimama. Likianza, ungo unaanza. Sasa fikiria chombo kinachokatika kila mara. Mama alikuwa anasimama na kuanza, anasimama na kuanza, na maharagi ya saa moja yanachukua mchana mzima. Ndiyo sababu mimi, msichana mdogo nisiyejua lolote la muziki, nilitaka ile sauti ikae. Sikujali kama itakuwa nzuri. Nilitaka iwe ndefu.

Kisanduku chenyewe, kile cha kukanyagwa kilichobadilisha sauti ya gitaa, kilitengenezwa na fundi wa redio, jirani yetu, mtu mpole aliyekuwa anazungumza na redio za watu kama daktari na mgonjwa. Ndani ya kopo la maziwa ya unga alipanga matumbo ya redio zilizokufa: transista chache, diodi mbili, na kile kidude cha chuma kilichozungushiwa waya mwembamba kama nywele, ambacho alikiita transfo. Juu ya kopo akatoboa tundu la kibonye. Yaya alipomuuliza kinafanyaje kazi, alikaa kwenye jiwe akaeleza kwa mikono.

"Noti ikiingia humu, inatoka na mutoto mugongoni. Mama ni ile ile noti, lakini inakwaruza. Mutoto ni noti ya juu, oktavi moja. Munasikia wote wawili pamoja."

"Na juu ya nini inakufa mbio hivi?" yaya akauliza.

"Weh, kubeba mutoto ni mchezo? Uliza mama yako namna ulikuwa mzito."

"Iko muzito mpaka leo," mama akasema kutoka kwenye maharagi.

Tulicheka, lakini yaya hakucheka sana. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu ya parokia, na wimbo wa matoleo ulikuwa na mahali pa gitaa mwishoni: waimbaji wote wananyamaza, gitaa linashika noti moja juu kabisa na kuing'ang'ania, na chini yake wanaume wa sauti ya bas, ile nzito ya chini, wanaingia polepole. Ni yeye aliyeliomba hilo. Alisema gitaa la kawaida litasikika jembamba pale, lakini la kisanduku litawatisha watu wa Katoyi watakaokuja na kwaya yao. Siku ya mazoezi alikanyaga, tak, nyaaang, na noti ikafa kabla bas hawajafungua midomo. Akarudia. Ikafa. Watoto tuliokaa dirishani tukaangua kicheko, na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe.

Mwalimu wa kwaya, mtu wa kitambaa cheupe mfukoni, aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Hii gitaa yako iko na kikohozi?" akamuuliza mbele ya wote. "Itafutie dawa. Sikukuu ikifika na bado inakohoa, nitaweka piano ya umeme. Wewe utaenda kuimba na ba bas."

"Hapana, tusipewe huyu," bas mmoja akasema. "Sauti yake ni ya mbuzi."

Jioni ile tulikula bugali na sambaza. Yaya alikula akiangalia sahani, halafu akasema, bila kuinua macho, kwamba wakimtoa kwenye gitaa hana tena kitu cha kumweka Goma. Rafiki yake anamwita. Mama alichukua sambaza kwenye sahani yake akaziweka kwenye ya yaya, moja moja, mpaka yake ikabaki mafuta matupu. Hapo nikaelewa, hata kwa akili yangu ile ya kitoto, kwamba ile noti isipokaa, yaya naye hakai.

Tukaanza kazi, na tukaanza kwa kukosea, kosa la watu wa kwetu wote: tulidhani ni betri. Wewe uliyekulia juu ya lava unajua. Betri za redio zikichoka hatuzitupi. Tunazianika kwenye jiwe jeusi, maana jua la mchana likilipiga huwezi kulikanyaga pekupeku, na betri ikishiba moto huo inaamka tena kidogo. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake la betri. Hilo la kwetu nilikabidhiwa mimi. Nilizigeuza kama mahindi ya kuchoma, nikawafukuza mbuzi, nikazileta zimefungwa kwenye sketi zikinichoma mapaja. Yaya akazitia kwenye kopo. Tak. Yule mtoto wa juu akalia vizuri ajabu, kuliko siku zote, wazi kama filimbi. Halafu akafa mbio kuliko siku zote.

Tukasema ni ampli, kikuza sauti chetu cha sanduku la mbao lenye spika ya gari. Tukaifungua sauti mpaka mwisho. Noti ikafa kwa kelele zaidi, basi.

Mimi nina sehemu yangu katika mambo haya, na sitaificha. Siku moja yaya alikuwa amechoka, akaacha kipande cha plastiki cha kupigia, akawa anapiga kwa kidole gumba, karibu na shingo ya gitaa, kwenye noti za juu, na kitufe cha kuzungusha kilichoko kwenye gitaa, cha kupunguza ukali wa sauti, kilikuwa kimefungwa kwa bahati mbaya. Nikasikia yule mtoto analia safi na anakaa kidogo.

"Usikifungue," nikamwambia.

"Nini?"

"Hicho cha mwisho. Kiache kimefungwa chote."

"Nikifunga sauti itatoka wapi, wewe kifaranga?"

"Funga."

Akafunga, akapiga. Uani, ungo wa mama ulikwenda mara kadhaa kabla haujasimama. Yaya akaniangalia kama mtu aliyeambiwa neno na kuku.

Fundi wa redio aliposikia hilo, akakaa nalo siku mbili tatu. Halafu akaja na kicheko chake cha puani. "Sisi ni wajinga wote," alisema. "Tunalisha nyuma, na njaa iko mbele. Munaongeza ampli, ampli iko nyuma ya kopo. Noti inafika ku kopo tayari imekonda, halafu munaibebesha mutoto. Inaanguka. Sasa tuilishe mbele ya kufika." Akaomba redio ya kaseti ya bibi yetu, iliyoletwa kutoka kwake Kibumba kwa matengenezo na kusahaulika kwetu. Mdomo wake wa kaseti ulikuwa umekufa lakini kipande cha ndani cha kukuza sauti kilikuwa kizima. Alikitoa, akakitia kwenye kopo dogo la nyanya, akakiweka katikati ya gitaa na kopo kubwa. Gitaa linaingia kopo dogo linashiba, ndipo linakwenda kubebeshwa.

Mara hiyo noti ilikaa. Haikukaa ya kutosha bas, lakini ilikaa. Yaya aliipiga na kuipiga tena, mgongo umemlowa jasho, mpaka akachoka akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye ukuta wa mbao huku kidole bado kimebana noti.

Hapo nyumba ikaimba.

Sijui nikuelezeje. Ampli ilikuwa imekaa kwenye sakafu ya mbao, sakafu ilikuwa inatetemesha ukuta, ukuta unatetemesha gitaa, gitaa linarudi kwenye makopo, na noti ikawa inazunguka na kujilisha yenyewe. Haikufa. Vikombe vililia, misumari ililia, kuku walitoka chini ya sakafu wakikimbia kama wameona nyoka. Yaya alifungua mdomo akaniangalia, hathubutu kusogeza hata kidole. Na uani, rafiki yangu, ungo ulikuwa unakwenda, unakwenda, unakwenda. Nilipochungulia, mama alikuwa anapepeta ungo mtupu, maharagi yamekwisha zamani, na machozi yanashuka huku anacheka.

Watu wakaja kuona. Mama wa mlango wa pili, aliyepanga chumba katika uwanja wetu, akasimama kizingitini na mwiko wa bugali mkononi.

"Munafuga simba humu?"

"Ni gitaa, mama," nikamjibu.

"Nilikuwa ku barabara ya lami, nikaisikia. Nikasema leo mulima umelia."

Ikabaki shida moja ya kuchekesha: kanisa ni la matofali na sementi, na nyumba huwezi kuibeba. Yaya akang'oa ubao mmoja mpana wa ukuta kutoka nyuma ya kitanda chake, akaubeba hadi kanisani, ampli ikapigiliwa chini yake na kichwa cha gitaa kikaegemea juu. Mama akaziba tundu kwa turubai bila kunung'unika. Kwenye mazoezi bas waliingia kwa woga, kama watu wanaochelewa mkutano, na noti ilikuwa bado ipo, inawangoja. Mwalimu wa kwaya alifuta macho na kitambaa chake cheupe, akasema kanisa hili lina vumbi sana. Yaya alirudi nyumbani na ubao begani, akamjibu rafiki yake wa porini kwamba ana kazi.

Natamani ningekomea hapo.

Siku hizohizo mabomu yakaanza kusikika upande wa Kibumba. Bibi alifika kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mgongoni amebeba furushi la kabichi. Mama akamuuliza kama mtu anakimbia vita na kabichi. "Niwaachie?" bibi akasema. "Nilizipanda mimi." Halafu waasi wakaingia mjini. Watu walisimama kando ya barabara wakiwaangalia wakipita na mabuti yao ya mpira, hakuna aliyeshangilia na hakuna aliyekimbia. Umeme ukakatika, maduka yakafungwa, unga ukawa hadithi.

Mama akamwomba yaya apige. Fundi alileta betri ya gari, na yaya akapiga kutwa nzima, kichwa cha gitaa ukutani. Vijana wengine wote mtaani walikuwa wamefichwa chini ya vitanda. Mama alitaka kusikia wa kwake yuko ndani. Ndivyo ilivyokuwa. Noti ndefu, tuliyoitafuta kwa mikono yetu yote, ikatoka nje ya ukuta, ikapita juu ya mawe, ikafika kwenye barabara ya lami ambako wale watu walikuwa wamekaa.

Walikuja mchana. Walikuwa wachache, na mkubwa wao alikuwa mpole, hilo ndilo linaloniuma hata leo.

"Nani iko napiga hii?"

Gitaa lilikuwa bado linalia ndani.

"Mama, usiogope," akasema. "Tuko na mukutano na wananchi. Tunaomba muziki tu. Tutakurudishia yeye."

"Ni mutoto wa kwaya," mama akasema. "Anajua tu nyimbo za Mungu."

"Basi atatupigia za Mungu."

Wakabeba ampli, ubao, makopo, na yaya na gitaa lake. Mama akakaa kwenye kiti chake na ungo magotini. Alasiri yote mikono yake haikusogea.

Jua halijazama, yaya akarudi. Mgongoni alikuwa na gitaa lake, na begani mfuko wa mchele. Alisema alipiga wimbo wa matoleo, watu walipiga makofi, na wakati wa kuondoka walimtwika mfuko ule bila kumuuliza. "Ningekataa namna gani, mama?" Mama aliuangalia ule mchele muda mrefu. Watoto wa uwanja mzima walikuwa wamejipanga mlangoni, macho makubwa, matumbo matupu tangu juzi. Akaenda akaomba sufuria kubwa ya sherehe za komunyo, akapika wote, akaweka na kabichi za bibi. Tulikula uwanja mzima. Fundi wa redio alikula. Mama wa mlango wa pili alikula na watoto wake, akaomba na ukoko, akalamba vidole akasema Mungu aibariki hiyo gitaa.

Waasi wakatoka kama walivyoingia, kwa miguu. Jeshi likarudi, watu wakaimba, na baada ya kuimba wakaanza kutafutana. Kila mtu alitaka kuonekana hakukaribiana nao, na njia rahisi ni kumwonyesha mwingine. Ilianzia kwenye bomba la maji. Nilikuwa kwenye mstari na bidoni yangu, dumu la maji, na mbele yangu mama wa mlango wa pili alikuwa anaongea na wenzake.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini ule kijana wa gitaa, ule muchele alitoa wapi?"

"Na wewe ulikula," nikamwambia.

Akageuka taratibu. "Mutoto hana adabu," akawaambia wengine, nao wakacheka, na bidoni zikaendelea kujaa.

Watu wa jeshi walikuja kumwulizia yaya. Mara ya kwanza waliuliza kwa upole. Mara ya pili walivunja mlango, na kwa kuwa walikosea nyumba, walivunja wa fundi wa redio, wakamwaga redio za watu kwenye mawe. Kesho yake asubuhi mama alimfungia yaya mkate na shati kwenye mfuko wa plastiki. Yaya alivuka mpaka wa nchi katikati ya wabeba mboga, na kabichi za mwisho za bibi kichwani. Alinishika shingo nyuma, kama alivyokuwa ananishika nikifanya ukaidi, akaondoka. Tulimsikia mara kadhaa kwa simu za watu, akiwa Kampala, akiosha magari. Halafu namba zile zikawa za watu wengine.

Sikukuu ya parokia ilifika. Piano ya umeme ilicheza mahali pake, vizuri tu, noti ilikaa muda wote iliotakiwa. Mama alimwendea mwalimu wa kwaya akamwomba kwaya imwombee mwanawe. Yule mtu wa kitambaa cheupe akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, tusiharibie kwaya." Basi. Tangu hapo jina la yaya likaanza kufa mtaani. Majirani walisema "ule," yule tu, bila jina. Baadaye bibi akasema "ule." Na siku moja, anachambua sombe, hata mama akasema "ule wetu", nikaona mwenyewe ameshtuka, lakini hakurudi kulisahihisha.

Mengine unaweza kuyakisia. Fundi alihamia Bukavu. Gitaa liliuzwa kwa ajili ya dawa za bibi, na bibi akaenda pia. Mlima ukatapika tena, mimi nikiwa msichana mkubwa. Tulikimbilia Sake na godoro kichwani, na tuliporudi moto ulikuwa umesimama kabla ya mtaa wetu, lakini ardhi ilikuwa imetetemeka mpaka nyumba imekaa upande kama mlevi. Mama akasema imetosha. Tuliing'oa mbao kwa mbao, tukazipakia kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mti, tukazisukuma hadi Katoyi. Ni mbao zilezile. Ila huku zimepigiliwa juu ya sementi, na ukikohoa hazikujibu.

Na sasa mji umebadilisha tena watawala. Majina mapya, mabuti yaleyale. Watu wameanza tena kuangaliana midomo.

Watu wananiuliza kama naulaumu mlima. Hapana. Mlima ulichukua nyumba yetu ya kwanza na kuipindisha ya pili, lakini haukula kwanza kwenye sahani yetu. Kinachonila mimi ni mchele. Nimejaribu kukisamehe na nimeshindwa, na mimi ni mtu anayesamehe hata mbwa aliyemng'ata. Wale waliokula na sisi wako hai, wanasalimia, wananiuliza sambaza ni za leo au za jana. Nawajibu ni za leo. Nawaongezea kiganja kimoja. Kisha nakwenda nyumbani nimekasirika mpaka meno yanauma.

Jumapili iliyopita nilikwenda misa Majengo, kwenye parokia yetu ya zamani. Mama goti lilikuwa linamsumbua, akabaki. Ilipofika sala za waamini, msomaji akasema kila mmoja awataje kimoyomoyo wale walio mbali. Kanisa likanyamaza. Mbele yangu niliona migongo ninayoijua, imezeeka. Nikasimama. Nikataja jina la yaya, la ubatizo, la papa, na la ukoo, kwa sauti ya kawaida, kama mtoto anayeitika akiitwa darasani. Migongo miwili mitatu ilikakamaa. Hakuna aliyegeuka.

Nikakaa, nikaweka kitenge changu sawa magotini.